Kabati la Mkulo

Siku ya kwanza mlima ulinicheka.
Nilitoka Ngamiani na viatu vipya
na kiburi cha mtu anayepanda ngazi mbili za ofisi kila siku,
na tulipozipita kabichi za mwisho
nikawa naitafuta pumzi kama mtu aliyedondosha funguo.
Shemhilu, kiongozi wetu, hakugeuka.
"Mlima haukimbii," alisema. "Na wewe usiukimbilie."
Akaupokea mzigo wangu bila kuuliza,
akaufunga juu ya wake kama mama wa pacha.

Wanawake walikuwa wakishuka na mapeasi vichwani.
Onga makeo, wakasema.
Nikaitikia kwa kuhema.

Tulilala Rangwi. Supu ya viazi, mablanketi matatu,
na baridi ambayo sisi wa Tanga mjini huisikia redioni tu.

Siku ya pili msitu ulifunga mlango nyuma yetu.
Humo mvua hainyeshi, inakaa.
Inakaa kwenye ndevu za miti, kwenye kope,
kwenye mkate, ndani ya kiberiti.
Wingu likapita katikati yetu na shughuli zake,
likamfuta Shemhilu kuanzia kiunoni kwenda juu,
nikawa nafuata buti mbili zisizo na mtu.
Mara sauti: "Kanyaga nilipokanyaga."
Mara: "Siafu hapo. Ruka."
Kisha kimya, na mbega mahali fulani juu akikoroma
kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Jioni alinionyesha dughulushi kwenye mwamba uliotota,
ua la zambarau, dogo kama kifungo cha shati la mtoto.
Hakuligusa. Alilimulika kwa tochi, akaizima.

Siku ya tatu aliiacha njia.
Hakusema kwa nini. Alipasua majani kwa mikono, panga likiwa alani,
akasimama kwenye ukingo wa shimo refu
lililojaa maji meusi.
"Hapa nilikuwa mtu wa chini," alisema.
Nikadhani anataja cheo.
"Msumeno una watu wawili. Wa juu anauona mstari.
Wa chini anakula unga wa mbao.
Mdogo wangu Mbelwa alikuwa juu.
Miaka minne nimeula mkulo huu.
Usiku tunazishusha mbao kichwani hadi Mlalo,
bwana misitu akiamka tumeshanawa."
Akaanza kuhesabu miti kwa vidole,
vidole vikaisha, akaacha.

Kando ya shimo kisiki, kipana, ungeweza kukilalia.
Ubavuni mwake chipukizi, kimo cha kiuno.
Akachuma jani moja, moja tu,
akalivunja, akanisogezea puani.

Papo hapo nikawa na miaka sita,
barabara ya kumi na tatu,
kichwa ndani ya kabati la mama
katikati ya kanga zake za sikukuu,
nimejificha nisipelekwe chuoni.
Harufu ile ile, ndugu ya kafuri,
niliyoisikia tena siku tulipomkafini.
"Mbao ya Usambara hii," aliwaambia wageni,
akiigonga kwa pete. "Mdudu haingii."

Nilitaka kumwambia Shemhilu.
Nikasema tu, "Inanukia."
"Eeh," akasema. "Hilo ndilo kosa lake."

Kileleni, siku ya nne, hatukuona kitu.
Weupe mbele, weupe nyuma.
Mwenzetu wa Dodoma aliupiga picha weupe ule
mara saba, kutafuta ulio bora.
Shemhilu alikinga kopo chini ya tawi,
tone, halafu kungoja, halafu tone,
tukapokezana. Maji yalikuwa na ladha ya jani.

Nimerudi. Joto la Ngamiani limenipokea bila salamu.
Nafungua kabati, bawaba inalia
mmoja juu, mmoja chini,
mmoja juu, mmoja chini,
naliacha wazi ili inyamaze.

Viatu vya mlimani nimeviweka humo, na tope lake,
juu ya kanga.
Mama angenigombeza.